Tizi la Likizo: Miguu ya Mashindano Inaporudi Kyela

Wiki chache za kwanza baada ya mashindano ya vyuo ndizo zinazoamua kama mwakani utavaa tena jezi ya chuo au utakaa pembeni ya uwanja unashika saa. Nasema hivyo nikiwa na mtu kichwani. Mwenzetu mmoja wa mita 800 alimaliza msimu akiwa na maumivu kidogo kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Mashindano yakaisha, likizo ikaanza, na yeye akaendelea na ratiba ileile ya mwezi wa mwisho: Jumanne kasi, Alhamisi kasi, Jumamosi kujipima, kwenye lami, peke yake. Aliogopa kupoteza fomu. Wiki ya tano mfupa ukapata ufa. Alirudi chuoni na magongo, na leo yeye ndiye anayetupigia saa.

Upande wa pili kuna kundi kubwa zaidi: wale ambao likizo ikifika raba zinatundikwa msumarini mpaka chuo kifunguliwe. Wiki ya kwanza ya mazoezi wanataka kukimbia kama walivyokimbia fainali. Hao tunawapoteza kwa msuli wa nyuma ya paja, mmoja mmoja, kabla mwezi haujaisha.

Mimi natoka Kyela, nasoma hapa Mbeya, na kila likizo ndefu nashuka nyumbani na miguu yangu ya mita 1,500. Ninachoandika hapa ni namna ya kuitumia likizo hiyo, miezi mitatu hivi, mahali ambapo hakuna jimu, hakuna uwanja wenye mistari, hakuna kocha, na bumu limeshakata. Ukiwa wa Ipinda, Matema, Ngonga au Mwaya utanielewa haraka. Wa kwingine badilisha majina tu.

Tuanze na hofu yenyewe, maana si hofu ya kijinga. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya watu 7 waliokuwa na mazoezi makali ya muda mrefu, ambao waliacha kabisa kwa siku 84. Walipima uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni. Ndani ya siku 21 za mwanzo uwezo huo ulishuka kwa asilimia 7. Ulipofika siku ya 56 ulikuwa umeshuka asilimia 16, na hapo ukatulia. Sasa angalia kinachoshuka kwanza. Katika wiki mbili za mwanzo kinachopungua zaidi ni majimaji ya damu. Damu ikipungua ujazo, moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo, na wewe unahema kwenye mwendo uliokuwa unauchezea. Kitu hicho kinarudi haraka, siku chache tu ukianza tena. Yanayochelewa kurudi ni yale yanayopotea baadaye, ndani ya misuli yenyewe. Kwa hiyo wiki mbili za kupumzika ni deni dogo. Wiki nane za kulala ni deni jingine kabisa.

Kuna uchunguzi mwingine ambao kila mwanafunzi mwenye ratiba ngumu angeufurahia. Robert Hickson na mwenzake mwaka 1981 walichukua watu waliokuwa wakifanya mazoezi siku 6 kwa wiki, wakawapunguzia. Wengine wakabaki na siku 4, wengine siku 2. Kwa wiki 15 uwezo wao wa kutumia oksijeni haukushuka, mradi zile siku chache zilizobaki zilifanywa kwa ukali uleule. Maana yake ni kwamba kulinda fomu ni rahisi kuliko kuitengeneza. Ulichokijenga kwa siku sita unaweza kukishikilia kwa mbili au tatu. Hili tukilielewa, nusu ya presha ya likizo inaondoka.

Kwa nini basi tupumzike, kama siku mbili zinatosha kulinda? Kwa sababu ya vitu visivyohema: mifupa na kano. Mapafu yakichoka yanakwambia papo hapo. Mfupa hausemi. Ukiupigisha chini kila siku, mwili kwanza unabomoa sehemu iliyochoka, kazi ya wiki kadhaa, ndipo unajenga upya, na kujenga kunachukua miezi. Katikati hapo kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Ukiendelea kuupiga bila nafasi, ubomoaji unashinda ujenzi. Ndicho kilichompata mwenzetu. Mapafu yake yalikuwa safi kabisa, alikuwa anakimbia vizuri mpaka siku ile.

Kipindi hiki kina jina la heshima katika vitabu vya ukocha. Lev Matveyev, Mrusi aliyeugawa mwaka wa mwanamichezo kwa mafungu katika miaka ya 1960, alikiita kipindi cha mpito, kinachofuata baada ya maandalizi na mashindano. Neno mpito nalipenda kwa sababu linakukumbusha kwamba kuna mahali unakwenda. Wakimbiaji wengi wa Bonde la Ufa kule Kenya msimu ukiisha huacha kukimbia kwa wiki kadhaa, wanakula, wananenepa kidogo, wanashughulika na ng'ombe na mashamba, na hakuna anayewaita wavivu. Mtu wa marathoni hushindana mara mbili tatu kwa mwaka. Alphonce Simbu wetu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu Tokyo Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Ukiweka pembeni mbio zenyewe, miaka 8 ya katikati ni asubuhi nyingi sana ambazo hakuna kamera.

Haya, tushuke.

Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela ipo karibu na 500. Ukishuka namna hiyo oksijeni inaongezeka na siku ya kwanza utajisikia kama umeongezewa injini. Usidanganyike, maana joto na unyevunyevu wa ziwa vinakuja kudai chao. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto: unaanza kutoa jasho mapema, na ujazo wa majimaji ya damu unaongezeka. Ndiyo, yaleyale majimaji uliyokuwa unaogopa kuyapoteza. Kwa hiyo hata matembezi ya jioni Kyela yanakurudishia kitu. Ila saa ya mkononi iache ndani. Mwendo wako wa Mbeya na mwendo wako wa Kyela havilinganishiki, na anayejaribu kuvilinganisha mchana wa jua kali atajikuta amekaa chini ya mwembe anatapika.

Wiki mbili za kwanza mimi sikimbii kabisa. Si "kidogo kidogo", sikimbii. Na hapa ndipo nyumbani kunasaidia kuliko ratiba yoyote, kwa sababu kazi ipo. Likizo inapoanza huwa kuna mpunga wa mwisho wa kupura na kupepeta, kuna magunia ya kuhamisha, kuna kakao ya kuchuma, kupasua, kuvundika na kuanika vichanjani. Watu wa kwetu wana msemo wao, mbombo ngafu, kazi ni ngumu, na wanausema wakicheka. Bibi yangu hajawahi kukubaliana na riadha. Mwaka wa kwanza aliponiona natoka alfajiri na kaptula aliniuliza:

"Mjukuu wangu, unakimbizwa na nani?"

"Shikamoo bibi. Sikimbizwi na mtu, ni mazoezi."

"Marahaba. Kama ni mazoezi, kakao ile pale."

Nimekuja kuona kwamba bibi ana hoja ambayo makocha wengi wanaisahau: mwili hauna daftari mbili, moja ya shamba na moja ya uwanja. Saa nne za kuinama na kubeba ni mzigo, zinatoka kwenye mfuko uleule wa nguvu. Nawaona wenzangu wanashinda shambani tangu asubuhi, jioni wanakwenda kukimbia kilomita 12 "kwa sababu leo sijafanya mazoezi". Umefanya, ndugu yangu. Andika kwenye daftari lako: kupura mpunga, saa nne, uzito wa kati. Siku kama hiyo jioni ni ya kuoga na kula.

Wiki ya tatu na ya nne ni za kucheza. Kyela ni nchi ya baiskeli. Tambarare yote ya mpunga kutoka mjini kuelekea ziwani watu wanaendesha, wanabeba abiria, wanabeba ndizi. Baiskeli ni zawadi kwa mkimbiaji aliyechoka miguu, maana moyo unafanya kazi na muundi haupigwi chini. Azima baiskeli ya mjomba, saa moja hadi saa moja na nusu, mara tatu kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata. Anayependa mpira acheze mpira wa jioni na vijana, ila asijifanye yupo fainali. Mwenye rafiki mvuvi apige kasia kwenye mtumbwi. Mgongo na mabega ya mkimbiaji wa chuo kwa kawaida ni aibu.

Kuogelea kunahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa watu wanaumia kimyakimya. Ziwa Nyasa ni zuri, lakini lina kichocho. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wanaopenda maji ya ukingoni yaliyotulia na yenye majani, vinaingia kupitia ngozi, huhitaji hata kumeza maji. Ogelea mahali penye mchanga mtupu na mawimbi, mbali na matete, na kaa mbali na midomo ya mito, ambako zaidi ya kichocho kuna mamba. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unalisukuma ziwa lote kuja upande wetu wa kaskazini, na siku hizo mawimbi ya Matema si ya kujaribiwa na mtu aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa. Ukiwa umeingia majini likizo, nenda ukapime wiki sita hadi nane baadaye, hata kama hujaona damu kwenye mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Mwanariadha mwenye kichocho hupoteza damu taratibu na kujiona mvivu. Nawafahamu wawili waliolaumiwa kwa "kukosa moyo", kumbe walikosa damu.

Malaria nayo. Mbeya mjini tunaisahau, Kyela haikusahau wewe. Lala kwenye chandarua. Na kila asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole shingoni au kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, andika. Kama kawaida yako ni 52 na leo ni 63, kuna jambo: usingizi, uchovu wa shamba, au homa inakuja. Siku hiyo hakuna tizi. Homa ikiwepo hakuna kabisa "kuitoa kwa jasho", hiyo ni imani ya vijiweni, na moyo ulioshambuliwa na maambukizi haufai kusukumwa. Kapime kwanza.

Kuanzia wiki ya tano kazi ya kujenga inaanza. Hapa namleta Peter Snell wa New Zealand, kwa sababu mifano ya marathoni haiwashawishi wakimbiaji wa mbio fupi kidogo. Snell alishinda mita 800 Olimpiki ya Roma mwaka 1960, na mwaka 1964 Tokyo akashinda 800 na 1,500. Kocha wake, Arthur Lydiard, nje ya msimu alimkimbiza milimani pamoja na watu wa marathoni, safari ya Jumapili ya takriban kilomita 35. Mtu wa mizunguko miwili ya uwanja! Wazo la Lydiard ni kwamba kasi ni paa, na paa hukaa juu ya kuta. Sisi wa chuo hatuna miili wala muda wa kilomita 35, lakini wazo linabebeka.

Wiki yangu ya kawaida katika kipindi hicho ina mbio nne. Tatu ni za dakika 30 hadi 50, polepole, alfajiri, kwenye vijia vya udongo kati ya majaruba. Lami ya kwenda Ipinda na Matema imekuwa nzuri na inashawishi, ila pembeni yake kuna udongo, na muundi unaujua udongo. Ya nne ni ndefu, naanza na saa moja, kila wiki naongeza dakika tano, wiki ya nne napunguza ndipo naendelea. Mara moja kwa wiki, mwishoni mwa mbio mojawapo, nakimbia kwa nguvu mara sita, sekunde 20 tu kila moja, na kutembea katikati hadi pumzi irudi. Hizo ni za kuikumbusha miguu kwamba kasi ipo. Wa mpira na netiboli wafanye hizo mara mbili kwa wiki, na mbio ndefu waikate nusu. Mwenye nafasi ya kufika Matema siku ya Jumamosi apande kwa miguu njia za milima ya Livingstone, inayosimama pale nyuma ya ufukwe kama ukuta. Kupanda mlima kwa kutembea kunajenga nyonga bila kishindo. Kushuka nenda taratibu. Mapaja yatakulipiza keshokutwa.

Mchanga wa Matema unasifiwa kupita kiasi, nadhani. Ni kweli kukimbia kwenye mchanga laini kunagharimu nishati karibu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Kulipimwa na kuchapishwa mwaka 1998. Lakini kisigino kinazama, kano ya nyuma inavutwa, na ufukwe una mteremko, kwa hiyo mguu mmoja unakimbia juu na mwingine chini. Dakika 15 kwenye mchanga uliolowa, kwenda na kurudi njia ileile ili miguu igawane mteremko, zinatosha. Peku, kwa anayezoea peku.

Nguvu za misuli hazihitaji vyuma. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na kila nyumba inayo. Ikumbatie kifuani, chuchumaa na kuinuka mara 8, pumzika, rudia mara tatu. Simama kwa mguu mmoja kwenye kizingiti, inua kisigino polepole mara 15, badili mguu. Na kwa watu wa mpira zaidi ya wote: piga magoti, mdogo wako akushike vifundo vya miguu, shuka mbele polepole ukiwa umenyooka mpaka ushindwe, ujikinge kwa mikono. Linaonekana zoezi la mchezo, lakini timu zilizolifanya mara kwa mara zimepunguza majeraha ya msuli wa nyuma ya paja kwa karibu nusu. Anza na mara 3 tu kwa siku, siku mbili kwa wiki. Kesho yake utajua.

Chakula sitakisemea sana, Kyela si mahali pa kumfundisha mtu kula. Wali, ndizi, dagaa wa ziwani, mbasa akipatikana, maharage, parachichi kutoka Rungwe. Kuongezeka kilo mbili tatu kipindi hiki si dhambi. Ninachotaka kusema ni kwa dada zetu wa timu, kwa sababu makocha wa kiume wanaona haya kulisema: kama msimu ulikupotezea siku zako za mwezi, miezi mitatu au zaidi, hiyo si dalili kwamba upo fiti. Ni mwili uliopewa chakula kidogo kuliko kazi, umeamua kuzima unachoweza kuzima, na mifupa inakonda pamoja. Likizo ndiyo nafasi ya kurudisha. Kula zaidi, punguza mbio, na uende kwa daktari ukamweleze wazi kwamba unakimbia.

Wiki mbili za mwisho kabla ya chuo ndipo naingiza mazoezi makali, mawili kwa wiki: dakika nne kwa kasi ya kuhema ambayo bado naimudu, dakika tatu za kutembea, mara nne. Basi. Halafu naaga, ndaga fijo kwa bibi na kakao yake, nafunga gunia dogo la mchele, napanda gari. Barabara inapanda zaidi ya mita 1,000 hadi Tukuyu, kisha inaendelea kupanda. Siku tano za kwanza Mbeya pumzi itakuwa fupi na miguu itaonekana imeibiwa. Kimbia polepole tu, usiku jifunike. Jamaa wa kikosi watataka mjipimane Jumatatu hiyohiyo ili ijulikane nani alilala likizo. Waambie Jumamosi ya wiki ya pili. Yule mwenzetu mwenye saa ameshakubali, anasema kabla ya hapo haibonyezi.